Oili kwenye mashimo ya plagi: jinsi ya kujua inakotoka na kuizuia

Injini ikianza kumisi, yaani silinda moja au zaidi kuruka moto, wengi hukimbilia kununua koili mpya (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi). Kabla hujatoa hela, chomoa koili zote uchungulie mashimo ya plagi kwa tochi. Gari nililolishughulikia juzi lilikuwa limeshafungwa koili mpya na bado linamisi. Mashimo mawili yalikuwa yamejaa oili, raba za koili zimevimba na kulainika, na umeme unavujia pembeni badala ya kufika kwenye ncha ya plagi.

1. Kausha shimo kwanza

Usifungue plagi shimo likiwa na oili, kwa sababu yote itamwagikia ndani ya silinda. Injini ikiwa imepoa, nyonya oili kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, kisha malizia kwa kitambaa kilichozungushiwa kwenye bisibisi. Mwisho puliza kwa kompresa ili mchanga utoke. Vaa miwani, maana mabaki hurukia usoni.

2. Soma plagi

Plagi ikiwa imelowa juu, kwenye kauri, lakini ncha yake ya chini ni kavu, oili inatoka juu na kazi hii inakuhusu. Ncha ikiwa imelowa na kuwa nyeusi, huku ekzosi ikitoa moshi wa bluu, oili inaingia ndani ya silinda. Hapo shuku ringi za pistoni au sili za valvu. Gasketi mpya ya kava la juu ya injini haitasaidia kitu.

3. Fungua tapeti kava

Hili ni kava la juu ya injini, linalofunika valvu. Weka alama kwenye waya na mipira, legeza bolti, inua. Ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi kwenye maungio, utakwangua aluminiamu.

4. Sili, gasketi na kufunga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwenye injini nyingi, oili huingia mashimoni kupitia sili za duara zilizo kwenye kava. Wapo wanaobadilisha gasketi ya pembeni tu na kuziacha sili hizo, kisha wanashangaa oili inarudi. Nunua seti nzima. Baadhi ya injini zina oringi (sili ya duara ya raba) chini ya mrija wa plagi, yaani bomba linalounda shimo la plagi, pia, na nyingine sili zimeumbwa pamoja na kava, kwa hiyo unanunua kava zima. Ukague mrija wenyewe: sili mpya juu ya mrija wenye mikwaruzo itavuja tu.

Paka oili kidogo kwenye midomo ya sili, kisha shusha kava wima, taratibu. Ukilishusha kwa upande, mdomo wa sili hujikunja ndani na hutauona. Liinue tena uhakikishe, hata kama unaona limekaa vizuri.

Silikoni siipendi kuzungushiwa gasketi nzima. Gasketi ya raba hutakiwa kukaa kavu. Silikoni huifanya iteleze, na vipande vyake vinaweza kudondokea kwenye njia za oili. Weka tone dogo tu kwenye kona ambapo kava la cheni linakutana na silinda hedi, na ukishafunga kava uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha injini.

Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Nyingi huhitaji karibu Nm 10 tu (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza); soma kitabu cha gari lako, na utumie spana ya kupimia nguvu. Kava likivuja, kulikaza zaidi si dawa. Unapasua plastiki au unakata bolti ndani ya hedi.

Kabla ya kumaliza, toa valvu ya PCV (inayotoa hewa na presha ndani ya injini) uitikise. Ya aina ya kawaida hulia ndani. Ikiwa kimya, mara nyingi imeziba, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kupita hata kwenye sili mpya.

5. Rudisha na ukague

Funga plagi, futa raba za koili, iliyovimba itupe. Endesha siku chache, chomoa koili tena, uchungulie mashimo kwa tochi.