Somo: Kumzoesha mtoto mdogo kupiga mswaki bila vita

Somo la leo ni la wenye watoto kuanzia jino la kwanza hadi miaka mitano hivi, hasa wale ambao kila jioni bafu lao linageuka ulingo wa mieleka. Msimamo wangu nautoa mapema: watoto wengi hawauchukii mswaki. Wanachochukia ni kushtukizwa, kubanwa kichwa na kuingiziwa mdomoni kitu wasichokiona. Kupiga mswaki halina mjadala, hilo ni la mzazi. Lakini rangi ya mswaki, mahali pa kukaa, kuanza na meno ya juu au ya chini, yote hayo mwachie mtoto aamue. Akipata sehemu yake ya kuamua, ugomvi unapungua sana.

Hatua ya 1: Anza kabla hajajua kukataa

Jino la kwanza huchomoza kwenye miezi sita hivi. Wengine huwahi, wengine hukaribia mwaka. Likionekana tu, lianze kupigwa mswaki, asubuhi na usiku. Kabla ya hapo mpanguse fizi kwa kitambaa safi chenye maji, azoee kidole chako mdomoni.

Hatua ya 2: Vifaa

Mswaki wenye kichwa kidogo na nyuzi laini. Chukua miwili ya rangi tofauti, mtaona sababu kwenye maswali. Ubadilishe kila baada ya miezi mitatu hivi, au mapema zaidi nyuzi zikishatawanyika.

Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, na kwenye boksi kiwango kisipungue 1,000 ppm (yaani sehemu 1,000 za floraidi kwa kila milioni). Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, paka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Yale matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki mzima yasikudanganye, yanauza dawa. Wewe ndiye unayeminya, na ukimaliza weka juu asikofika.

Hatua ya 3: Mkao (hapa ndipo wengi tunapokosea)

Tukimsimamia mtoto kwa mbele, tunamwinamia, hatuoni meno ya juu, na yeye anarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Badilisha mkao kwanza kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Mtoto mchanga au wa mwaka mmoja, kaa kitako umlaze, kichwa kiwe mapajani mwako, anakutazama kwa chini. Mkiwa wawili, kaeni mkitazamana magoti yakigusana: miguu ya mtoto kwa mmoja, kichwa kwa mwingine. Aliye na miwili au mitatu na kuendelea, simama nyuma yake, wote mkitazama kioo, aegemeze kichwa kwako. Hapo anaona kila kinachofanyika, na mkono wako unakwenda vilevile unavyojipiga mswaki mwenyewe.

Sasa kuna jambo dogo ambalo husababisha vilio vingi. Ukiinua mdomo wa juu utaona kikamba chembamba kinachouunganisha na ufizi, katikati kabisa. Mswaki ukikigonga kinauma kwelikweli. Mtoto akiumia hapo mara mbili, mara ya tatu anafunga mdomo, nasi tunasema ni mkaidi. Mwinue mdomo kwa kidole, kidole hicho kikae juu ya kikamba, halafu ndipo usugue.

Sugua kwa miduara midogo, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi, maana utando wa bakteria huganda hapo. Ukiwa umemwinua mdomo, kagua: mistari myeupe kama chaki kando ya ufizi ni dalili ya awali ya kuoza, na hiyo ni ya kupeleka kwa daktari wa meno bila kungoja shimo.

Hatua ya 4: Zamu

Yeye aanze, wewe umalizie. Atatafuna nyuzi, atasugua jino moja lilelile, mwache. Kisha, "Haya, sasa zamu ya mkaguzi." Usije ukadanganyika kwamba akishashika mswaki vizuri kazi imekwisha. Mkono wa mtoto hauna ustadi wa kufika kila pembe mpaka kwenye miaka saba au minane, kwa hiyo zamu yako ipo kwa muda mrefu.

Mpe pia nafasi ya kukupiga wewe mswaki, kwa mswaki wako. Akikuchoma fizi vumilia, umeonja anachoonja yeye. Mwanasesere naye apigwe.

Hatua ya 5: Mchezo wenye mwisho unaojulikana

Muda unaotakiwa ni dakika mbili. Kwa mtoto mdogo "dakika mbili" haina maana yoyote. Anachojua ni kwamba amewekwa tu na hajui atatoka lini. Mpe mwisho anaoweza kuusikia. Wimbo mmoja, ukiisha tumemaliza. Au hesabu: kumi juu kulia, kumi juu kushoto, na chini vivyo hivyo. Ukisema kumi, ishia kumi. Ukiongeza "na moja tena" umejiharibia kesho.

Sauti nazo zinasaidia kazi yenyewe. "Iiii" inafunua meno ya mbele, "aaaa" inafungua magego, na mngurumo wa simba unafungua kila kitu. Wanaopenda kuwinda, winda naye: "Haa! Nimemwona mdudu wa meno, kajificha nyuma ya gego, asitoroke!" Wanaopenda hadithi, simulia kipande kimoja kila usiku, na kipande hicho kisisimuliwe pahali pengine popote. Katuni za simu mimi sizishabikii. Mtoto anaganda akitazama, mdomo unajifunga, na simu ikiisha chaji mmerudi mwanzo.

Kukimbia na mswaki mdomoni ni marufuku. Akianguka nao unaweza kumchoma kooni.

Hatua ya 6: Kutema, basi

Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu tu mpaka asubuhi. Usingizini mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha asidi inayotengenezwa na bakteria wakila sukari. Ndiyo maana mswaki wa usiku siulegezi kabisa.

Na tafadhali, asitishiwe kwa "daktari atakung'oa." Inashauriwa aonwe na daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka, na mtu uliyemtumia kutishia ndiye huyo utakayempeleka kwake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa mmoja: Dada, wangu ana mwaka na nusu. Anaung'ata mswaki hauachii. Nikiuvuta ni kilio.

Usiuvute. Hapo ndipo mswaki wa pili unapofanya kazi: mmoja wa kung'ata, mmoja wa kusugua. Akiwa ameng'ata wa kwake upande mmoja, mdomo umebaki wazi, wewe pitisha wako upande wa pili. Halafu mbadilishane pande.

Baba wa mapacha: Wanameza dawa yote. Niache kuweka?

Usiache, kaka. Chini ya miaka mitatu wengi hawajui kutema, na kiasi cha punje ya mchele kimewekwa kidogo kwa kulijua hilo. Kosa ni kuweka nyingi au kumwachia akanyonya tyubu. Kutema wafundishe kwa maji matupu wakati wa kuoga, mshindane kulenga tundu la maji. Na kila pacha na mswaki wake, wasibadilishane.

Bibi mlezi: Mjukuu wangu, meno yenyewe si yatang'oka? Mbona mnajisumbua?

Shikamoo bibi. Yatang'oka, lakini si yote mapema. Ya mbele huanza kwenye miaka sita. Magego ya utoto hukaa hadi kumi, kumi na mbili. Gego likioza akiwa na minne, ni miaka ya maumivu na kutolala, na usaha unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojiunda chini yake. Likitolewa kabla ya wakati, majirani yake husogea, la ukubwani likaota upogo. Jambo jingine, bibi: kwenye miaka sita gego la kudumu huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, watu wakadhani ni la utoto. Hilo halina mbadala.

Mama wa mwenye usonji: Wangu anatapika akionja dawa, hata kuguswa mdomo hataki.

Pole mama. Kwake usianzie mdomoni. Mguse kwa mswaki mkavu mkononi, siku nyingine shavuni, kisha midomo, na usisogee hatua mpaka hii imezoeleka. Tafuta dawa isiyo na ladha wala povu. Mnanaa kwa watoto wengi huwaka. Wakati huo mswaki wenye maji tu ni bora kuliko kutopiga. Utaratibu usibadilike, na picha za hatua ukutani humsaidia ajue kinachofuata. Mweleze na daktari wa meno mapema ili siku ya miadi ajipange.

Shangazi: Fizi zinatoa damu, tukaacha.

Rudini, shangazi. Mara nyingi damu hutoka kwa sababu utando umekaa ufizi ukavimba, na kuacha kunaongeza. Nyuzi laini, mkono mwepesi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, aonwe.

Mama wa watatu: Akipitiwa na usingizi kabla, nimwamshe?

Mimi simwamshi. Usiku mmoja hauharibu kitu. Ila ikijirudia, mswaki umewekwa saa mbaya: upige mara tu baada ya chakula cha usiku, akiwa bado na nguvu za kucheka, na baada ya hapo apewe maji tu.