Somo: Kuandika uokoaji wa mashujaa ndani ya kituo cha anga kilichohujumiwa

Wengi wenu mnaoandika hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu mmeomba somo hili. Kuna jambo moja mlishike tangu mwanzo: adui mkubwa wa shujaa wako ni kituo chenyewe, kuliko hata mtu aliyekihujumu. Mhujumu anaweza kufungwa kamba ukurasa wa pili, na hewa ikaendelea kuvuja.

Hatua ya 1: Chagua hujuma moja

Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga hufanyia mazoezi dharura tatu kubwa: moto, kushuka kwa presha ya hewa, na hewa yenye sumu. Chukua moja tu. Ukizirundika zote, msomaji hatajua aogope nini.

Ukichagua moto, kumbuka kwamba pasipo uzito ndimi za moto hazipandi juu, na moshi husambaa kila upande. Tarehe 23 Februari 1997, kifaa cha kuzalisha oksijeni kiliwaka moto katika kituo cha Urusi cha Mir. Ndani walikuwamo watu sita, na moto ule uliwazibia njia ya kwenda kwenye kimoja kati ya vyombo viwili vya kurudia duniani. Ile ilikuwa ajali. Mhujumu mwenye akili angeuwasha palepale kwa makusudi.

Ukichagua sumu, tumia amonia, inayozunguka kwenye mabomba ya nje ya Kituo cha Kimataifa kupooza mitambo ya upande wa Wamarekani. Mwaka 2015 kengele ya amonia ililia, wanaanga wakavaa barakoa, wakakimbilia upande wa Warusi na kufunga mlango. Ikaja kujulikana kwamba kengele ilidanganya. Mhujumu wako anaweza kufanya makubwa kwa kengele ya uongo tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hewa

Agosti 2018 lilipatikana tundu la upana wa milimita 2 hivi katika Soyuz MS-09, chombo cha Urusi cha kubeba wanaanga kilichokuwa kimeunganishwa na kituo. Dmitry Rogozin, aliyekuwa mkuu wa shirika la anga la Urusi wakati huo, alisema hawezi kuondoa uwezekano kwamba lilitobolewa kwa makusudi. Wanaanga waliliziba kwa gundi ya epoksi na kitambaa cha shashi. Tundu la kiasi kile lingechukua zaidi ya wiki mbili kumaliza hewa ya kituo kizima.

Likiwa pana mara kumi, hewa hutoka kwa wingi mara mia, na wiki zinageuka saa. Basi anza na muda unaoutaka, ndipo uchague ukubwa wa tundu. Na usiandike kituo kizima kikipasuka kama puto kwa sababu ya risasi moja. Wasomaji wanaojua watakuacha hapohapo.

Hatua ya 3: Wafikishe mashujaa kwa kasi

Kituo kiko kilomita 400 hivi juu yetu. Mvutano wa dunia kule bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Hakianguki kwa sababu kinakimbia kilomita 28,000 hivi kwa saa. Shujaa anayepaa wima mpaka kimo hicho atakiona kikimpita kwa kasi kushinda risasi ya bunduki. Lazima akimbie nacho sambamba, kisha akisogelee polepole mpaka aguse kishikizo.

Hatua ya 4: Mpe mlango usiofungika

Hapa ndipo penye hadithi, kwa hiyo msikimbie.

Tarehe 25 Juni 1997 chombo cha mizigo Progress M-34 kiligonga Spektr, mojawapo ya moduli (vyumba vilivyounganishwa) za kituo cha Mir. Ndani walikuwa Vasily Tsibliyev, Aleksandr Lazutkin na Michael Foale. Masikio yao yalihisi presha ikishuka. Dawa ilikuwa kuitenga Spektr, lakini mlango haukufungika, kwa kuwa nyaya zilikuwa zimepitishwa katikati yake. Wakazichomoa moja moja, na nyingine ikabidi zikatwe kwa kisu. Kisha wakabandika kifuniko, na hewa iliyokuwa ikitoroka ikakibana mahali pake.

Angalieni bei waliyolipa: nyaya zilezile zilikuwa zikileta umeme kutoka paneli za jua za Spektr. Wameokoa hewa, wamepoteza umeme, na kituo kinazunguka ovyo gizani. Ilibidi Foale atazame nyota dirishani, akitumia kidole gumba kukadiria mzunguko, ili injini za Soyuz iliyounganishwa na Mir zitumike kuutuliza.

Mpe shujaa wako uamuzi wa namna hiyo. Tuseme kuna mtu bado yuko upande wa pili wa mlango, na waya wa mwisho ndio unaowasha taa yake.

Hatua ya 5: Nguvu bila pa kukanyaga

Shujaa wa kilo 80 akikisukuma kituo cha tani 420, yeye atarudi nyuma kwa kasi zaidi ya mara 5,000 ya ile atakayokipa kituo. Kabla ya kila ngumi, andika mguu wake umejifunga wapi.

Hatua ya 6: Hesabu viti

Soyuz ina viti vitatu, na kila mwanaanga ana godoro la kiti lililofinyangwa kwa mwili wake. Soyuz MS-22 ilipovuja kipoozeo Desemba 2022, godoro la kiti la mwanaanga Mmarekani Frank Rubio lilihamishiwa Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, kwa tahadhari. Ukiwa na watu saba na viti sita, una sura nzima ya kitabu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shujaa wangu hahitaji kupumua. Anaweza kumpitisha nje mwanaanga asiye na suti?*

Anaweza, ila kwa muda mfupi mno. Mwaka 1966 Jim LeBlanc alikuwa akijaribu suti ya NASA katika chumba kisicho na hewa, bomba la kupitishia hewa likachomoka. Alipoteza fahamu baada ya sekunde 14 hivi, na alichokumbuka mwisho ni mate yakichemka kwenye ulimi. Akapona kwa sababu hewa ilirudishwa upesi. Andika tukio lako ndani ya sekunde hizo, mwathirika akiwa ametoa pumzi kabla ya kutoka. Akiibana, mapafu yatachanika.

*Mkuu, mlipuko wa nje utasikika ndani?*

Kule nje hakuna hewa ya kubeba sauti. Lakini mlipuko ukiugusa ukuta wa chuma, mtikisiko unapita humo, na walio ndani watausikia.

*Wangu ni binti wa Malindi. Kuna sababu ya kumrusha kutoka kwetu?*

Ipo, dada, tena nzuri. Karibu na ikweta dunia inakupa kasi ya bure ya kilomita 1,670 hivi kwa saa ukielekea mashariki. Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na hapo Malindi. Setilaiti ya Uhuru iliondokea pale tarehe 12 Desemba 1970. Na kituo hupita juu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo asubiri njia yake ikae sawa ndipo aondoke.

*Mhujumu akae ndani au aongoze kutoka duniani?*

Mweke ndani. Avute hewa ileile inayopungua, na awe ndiye pekee anayejua tundu la pili liko wapi. Hapo shujaa hawezi kumwacha afe.