Analipa au Analipiza?

Jumapili jioni vijana wa kanisani kwetu hapa Kikuyu, Dodoma, wakija kuangalia muvi sebuleni kwangu, huwapa swali moja kabla sijachomeka flashi: aliyekosewa humu ndani, analipa au analipiza? Katika kuitafuta Injili ndani ya muvi, swali hilo limenifaa kuliko kusaka misalaba ukutani. Muvi inaweza kujaa misalaba na isiwe na Injili hata chembe.

Anza na kosa. Mtu akikosa, simamisha muvi, waulize wenzako: deni hili litaishaje? Muvi za mapigano hulimaliza kwa risasi. Umemuua kaka yangu, nami nakuua. Hicho ni kisasi, hata kama tunamshangilia anayepiga. Ukiona aliyekosewa ndiye anayebeba gharama, hapo vuta kiti karibu.

Mfano ninaoupenda mno ni Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, ambayo sisi tuliangalia muvi yake ya 2012. (Wanaimba mwanzo mwisho, wavumilie.) Jean Valjean amefungwa miaka 19: mitano kwa kuiba mkate, iliyobaki kwa kujaribu kutoroka. Askofu anamlisha na kumlaza kwake. Usiku jamaa anaondoka na vyombo vya fedha vya mwenyeji wake. Polisi wanamrudisha. Askofu anawaambia alimpa yeye mwenyewe, kisha anamwongezea vinara viwili vya mishumaa: mbona hivi umeviacha?

Nakala yetu ya kwanza ilikuwa ya kutafsiriwa, na mtafsiri alimgeuza askofu kuwa kizee asiyejua kinachoendelea. Vijana wakacheka. Iliniuma sana. Nikatafuta isiyotiwa maneno, nikarudia kipande kile mara mbili huku nikiwatafsiria sentensi kwa sentensi. Safari hii sebule ilikuwa kimya. Kwa hiyo tafuta nakala ambayo haijaongezwa chumvi, hasa pale wahusika wanaposameheana.

Ukipata nafasi soma na kitabu, ufuatilie kitu kinachojirudia. Vile vinara Valjean anavitunza miaka yote, na anakata roho mishumaa yake ikiwaka.

Usilazimishe, lakini. Si kila anayekufa ni mfano wa Yesu. Uliza kama angeweza kukwepa, na kama anamfia rafiki au mkosaji; Warumi 5:8 iko wazi: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Katika hadithi ya Narnia ya C. S. Lewis, simba Aslan anakufa badala ya Edmund, mtoto aliyewasaliti ndugu zake kwa ajili ya vitamutamu, kisha anafufuka. Bibi yangu kule Mvumi, ambaye simba kwake ni mwizi wa ng'ombe, alinikatiza nikimsimulia: "Simba? Amfie mtoto msaliti?" Akaniambia nianze upya.

Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniuliza hadithi za kutunga zinatufaa nini. Nilimfungulia 2 Samweli 12, pale nabii Nathani anapomsimulia mfalme Daudi, aliyechukua mke wa mtu, habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake. Daudi anamkasirikia tajiri wa kwenye hadithi kabla hajajua kwamba ni yeye.

Ndiyo maana muvi ikiisha siwashi taa haraka. Kila mmoja aseme yeye alikuwa nani humo. Baada ya vile vinara, kijana mmoja wa bodaboda alikaa kimya hadi mwisho, ndipo akasema: "Mwalimu, mimi ni wale polisi. Nilitaka afungwe."