Penisilini Iliyowahi Kufika: jinsi ninavyochimba historia ya tiba kwa ajili ya riwaya

Mhusika wangu wa kwanza alikuwa na kidonda kilichooza mguuni. Nikamponya kwa penisilini, Ugogo, mwaka 1935. Muuguzi mmoja mstaafu hapa Dodoma alisoma mswada, akavua miwani: "Mwanangu, hiyo dawa umeitoa wapi?" Mwanasayansi Alexander Fleming aliuona ukungu unaotoa penisilini mwaka 1928, lakini dawa yenyewe ilianza kutibu watu miaka ya 1940. Mgonjwa wangu alikuwa amepata kijijini kitu ambacho hata London hakikuwepo. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Funga mwaka na mahali. "Enzi za ukoloni" si wakati. Mimi sasa niko Ugogo, 1919, katikati ya njaa ya Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nayo imekata. Mafua makali ya 1918 yamepita juu ya miili iliyokonda. Reli imefika Dodoma tangu 1910, kwa hiyo ugonjwa nao una usafiri. Ukishajua hayo, swali si tena mgonjwa alipewa dawa gani. Ni nani ndani ya tembe, nyumba ya Kigogo, aliyebaki na nguvu za kumchotea maji.

Hatua ya 2: Tengeneza kalenda ya dawa. Hapa usiwe na haraka. Chora safu tatu daftarini: iligunduliwa lini, ilianza kutumika lini, ilimfikia lini mtu wa kijijini. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo riwaya. Kwinini, dawa ya malaria, ni ya zamani. Klorokwini, ya malaria pia, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ikaenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Streptomaisini ilipatikana 1943, hivyo mwenye kifua kikuu wa kabla ya hapo mpe mapumziko na chakula, usimpe vidonge. Ukimpeleka mhusika Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, miaka ya 1930, kumbuka klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa hao, ilikuja miaka ya 1950. Sasa mhudumu wa zamu ya usiku ana nini mkononi? Swali hilo moja lilinipa sura nzima.

Hatua ya 3: Sikiliza maneno. Tunaye Mganga Mkuu wa Mkoa na tunaye mganga wa kienyeji, neno ni moja. Utani wa namna hiyo usiupoteze kwa kuandika "daktari" kila mahali. Zahanati ya zama za Waingereza ilikuwa na dresa, mtu wa kuosha na kufunga vidonda. Mwite hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Nenda kwenye nyaraka. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada ya Wajerumani (tafuta anayesoma Kijerumani, tena mwandiko wa zamani) na ya Waingereza, vikiwemo vitabu vya wilaya. Wellcome Collection ya London imeweka ripoti nyingi za tiba mtandaoni bila malipo. Mimi hurukia kurasa za malalamiko: bandeji zimekwisha, gari limekwama. Takwimu zilipambwa kwa ajili ya wakubwa. Manung'uniko mara nyingi ni ya kweli.

Hatua ya 5: Kaa na wazee. Usiulize mwaka, uliza njaa: hilo lilikuwa kabla ya njaa ipi? Aliyeiona Mtunya akiwa mtu mzima hayupo tena, ila wapo waliosimuliwa na mama zao. Uliza habari za buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Sindano zake za miaka ya 1920 zilikausha vidonda upesi mno, watu wakaanza kuidai sindano kwa kila ugonjwa, na hata leo ukitoka zahanati na vidonge vitupu kuna bibi atakayeguna. Mizizi ya mganga usiiandike kwa vipimo. Ni mali ya ukoo wake, na msomaji anaweza kwenda kuichemsha.

Hatua ya 6: Tupa. Katika daftari zima, kwenye hadithi huingia labda mistari kumi.

Yule mhusika wa 1935 siku hizi anaoshwa kidonda kwa maji ya chumvi, na hafiki mavuno. Nilimrudishia muuguzi sura hiyo nikijua nimemaliza. Pembeni akaandika kwa penseli: "Na inzi je?"