Jenereta ya dizeli inayokula mafuta na kutoa moshi kwa mzigo mdogo

Anza na hesabu. Jenereta ya kVA 100 kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayogeuka kuwa kazi halisi, kW) ya 0.8 inatoa kW 80. Ikibeba mzigo (umeme unaotumika) wa chini ya kW 24, yaani asilimia 30, kwa saa nyingi, silinda hazipati joto la kutosha. Ringi za pistoni hazibani vizuri, dizeli haiungui yote, na masizi yenye mafuta huganda kwenye nozeli za dizeli, tabo (kisukuma hewa cha injini) na egzosi. Ukiona ute mweusi ukivuja kwenye maungio ya egzosi, ni masizi hayo; usikimbilie kubadilisha gasketi.

Ipandishie jenereta mzigo taratibu: asilimia 30, kisha 50, kisha 75, ukae hapo saa moja au mbili mpaka moshi usafike. Hita za maji na pampu zinatosha kuwa mzigo. Kupandisha ghafla kunaweza kuwasha masizi ndani ya egzosi.

Kagua pia thamostati, vali inayozuia maji ya kupoza injini mpaka yapate joto. Mafundi wengi huing'oa, kosa kubwa: injini inabaki baridi. Maji yafike nyuzi 80 hivi.

Usiku mzigo ukiwa mdogo, tumia jenereta ndogo au betri na inveta.