Laptopu ya Muziki na Filamu: Anza na Skrini

Anayetafuta laptopu ya kusikilizia muziki na kutazamia filamu huelezwa sana dukani habari za prosesa (chipu inayofanya kazi za kompyuta), ilhali kitu atakachokikodolea macho kwa saa nyingi ni skrini. Chagua yenye pikseli 1920 kwa 1080, tena ya aina ya IPS, kwa sababu skrini za aina nyingine, TN, ambazo hupatikana katika laptopu nyingi za zamani na za bei ya chini, hubadilika rangi pale mnapoketi watatu kwenye mkeka mmoja na kila mtu akatazama kwa upande wake. Ijaribu hapohapo dukani kwa kufungua picha yenye giza na kuiangalia ukiwa pembeni.

Spika zilizo chini ya laptopu huzibwa unapoiweka kitandani. Zilizo kando ya kibodi husikika vizuri zaidi. Chomeka pia hedifoni zako uhakikishe tundu halilegei.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8 inatosha kabisa. Hifadhi iwe SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 256, na filamu nyingi ziwekwe kwenye diski ya nje.

Ukinunua iliyotumika, Kariakoo au kwingineko, uliza kizazi cha prosesa: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya mfumo wake wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, kwa kawaida huhitaji kizazi cha 8 au cha baadaye. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko punguzo lolote la bei.