Mwongozo wa fundi: andika kwa nyota na reli, achana na tagi

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za kupulizia salfa kwenye mikorosho, hapa Masasi. Kila msimu wa kupulizia ukikaribia, napitia upya mwongozo wa matengenezo ninaowapa wateja. Wapo wanaonicheka, fundi mwenye grisi hadi kwenye viwiko kukaa na kompyuta. Lakini usipomwandikia mtu namna ya kusafisha kabureta, atakupigia saa kumi na moja alfajiri, yuko shambani Nanyamba na mashine mgongoni.

Mwongozo wa kwanza niliuandika kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti inayozungushia maneno alama ziitwazo tagi, maana ndiyo niliyoikuta kwenye kozi ya kompyuta. Hatua mbili tu zilikuwa hivi:

```
<h2>Kusafisha kabureta</h2>
<ol>
<li>Zima mashine, <strong>acha ipoe</strong>.</li>
<li>Funga koki ya mafuta.</li>
</ol>
```

Siku moja kijana wangu wa karakana aliongeza onyo la moto ukurasa wa kwanza, akasahau kufunga `</strong>`. Kuanzia hapo hadi mwisho mwongozo mzima ukawa herufi nene. Tulishatoa nakala arobaini ndipo tukagundua.

Sasa tazama hatua zilezile kwa Markdown, namna ya kuandika kwa alama chache tu badala ya tagi:

```
## Kusafisha kabureta

1. Zima mashine, **acha ipoe**.
2. Funga koki ya mafuta.
```

Hata mtu asiyejua lolote la kompyuta anaisoma hiyo na kwenda kufungua kabureta. John Gruber, aliyeitoa Markdown mwaka 2004, alilenga hivyo: faili lisomeke lilivyo, kabla halijageuzwa kuwa HTML. Ukilituma kwa simu na likafunguka kama maandishi matupu, mteja hajapoteza kitu. Mimi humalizia jina la faili na .txt badala ya .md, kwa sababu simu nyingi za wateja wangu hazijui .md ni mdudu gani.

Huhitaji programu ya kununua. Notepad inatosha, ila wakati wa kuhifadhi chagua UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi na alama za kila aina; sababu utaiona mbele kidogo. Alama zenyewe unazo mkononi kila siku unapoangalia salio: nyota (*) na reli (#). Reli moja na nafasi mwanzoni mwa mstari ni kichwa kikuu, reli mbili ni kichwa kidogo. Nyota mbili kila upande zinaleta herufi nene. Hapa waliozoea WhatsApp hukosea, kwa sababu kule nyota moja inatosha, na kwenye Markdown nyota moja hulaza herufi. Kabla ya orodha ruka mstari mmoja, la sivyo Pandoc, nitakayoieleza chini, itaibana orodha yote ndani ya aya iliyotangulia.

Tabia nyingine iliyoniokoa ni kuandika kila sentensi kwenye mstari wake. Markdown itaziunganisha kuwa aya moja, usihofu. Faida yake unaiona ukilinganisha mwongozo wa mwaka jana na wa mwaka huu: kompyuta inakuonyesha sentensi iliyobadilika tu, si aya nzima.

Sasa shimo nililotumbukia mimi mwenyewe. Kwenye orodha ya vipuri niliandika hivi:

```
Beringi 6202, 15*35*11
```

Hivyo ni vipimo vya milimita: tundu, kipenyo cha nje, unene. Nikageuza, nikachapa, nikagawa. Wiki ya pili mzee mmoja akapiga simu: "Fundi, nimezunguka maduka yote ya stendi, beringi 153511 hawaijui." Nyota mbili zilizobana namba 35 zilisomwa kama alama ya kulaza herufi, zikamezwa, na namba tatu zikawa moja. Namba za malipo nazo huliwa vivyo hivyo; *150*00# inaweza kutoka 15000#. Dawa ziko mbili. Tanguliza mkwaju wa nyuma kabla ya kila nyota, `15\*35\*11`, au weka alama halisi ya kuzidisha, 15×35×11. Mimi natumia ×, kwa kuwa msomaji wa faili tupu hakutani na mikwaju. Alama hiyo ndiyo inayodai UTF-8. Ukihifadhi vibaya, kwenye simu ya mteja inatoka takataka.

Kugeuza nafanya kwa Pandoc, programu ya bure iliyoanzishwa na John MacFarlane. Amri ni mstari mmoja:

```
pandoc -f markdown mwongozo.txt -o mwongozo.docx
```

Hiyo .docx ni faili la Word; ibadili kuwa .html au .epub, inakupa hicho. PDF ya moja kwa moja kwa kawaida hutaka uwe umeweka LaTeX, programu ya kupanga kurasa, nayo inakula bando vibaya. Mimi natoa .docx, naifungua LibreOffice, nahifadhi kama PDF hapo, kisha napeleka steshenari.

HTML sijaitupa kabisa. Jedwali la safu mbili tatu nalichora kwa mistari wima na linatoka vizuri, lakini ukitaka seli zilizounganishwa, HTML ndiyo inayojua. Unaweza kulipachika jedwali la HTML katikati ya Markdown, na kwenye ukurasa wa wavuti litakaa sawa. Kwenye .docx halitatoka kama jedwali, kwa hiyo la uwiano wa oili na petroli nimelivunja kuwa orodha. Limepungua urembo. Wateja hawajalalamika.

Kijana wangu siku hizi anarekebisha mwongozo kwa simu yake, umeme ukiwa umekatika na mimi nikiwa nimefungua injini. Juzi ameongeza hatua ya kukagua plagi. Nimemrudishia mara moja tu: hakuruka mstari kabla ya orodha.